Foleni ya Fomu 34A

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya urais mwaka 2017, lililozungumzwa zaidi ni jinsi matokeo hayo yalivyosafirishwa kutoka vituoni hadi Nairobi. Miaka mitano baadaye, Agosti 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, ikaamua kuanika fomu zote za urais mtandaoni. Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo, na vituo vilikuwa 46,229, ikawekwa kwenye tovuti ya umma. Mwenye bando alifungua akasoma. Anayetaka kujumlisha, ajumlishe mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa naandika programu katika chumba kimoja cha habari hapa Nairobi. Wenzangu walikimbiza habari, mimi nikawatengenezea roboti ndogondogo za kuwapunguzia kazi ya kuchosha. Nyingi sikuzianza mimi. Nilichukua programu huria za watu, nikazikata na kuzishona upya. Niliyoipenda kuliko zote ni Klaxon, ya The Marshall Project, chombo cha habari cha Marekani. Unaielekeza kwenye ukurasa wa tovuti, nayo inakaa macho. Pakibadilika kitu, inakutumia ujumbe. Mwandishi hana haja ya kufungua ukurasa uleule asubuhi, mchana na jioni kama mtu anayesubiri mshahara.

Mkuu wa habari aliponiita wiki chache kabla ya kura, alikuwa na hamu ya kitu kikubwa. Alitaka roboti iingie kwenye tovuti, isome fomu, ijumlishe, na namba ziende moja kwa moja hewani bila kupitia mkono wa mtu. Nikamfungulia fomu moja ya 2017 kwenye kompyuta yangu. Picha ilikuwa imepigwa kwa pembeni, nusu ya karatasi iko gizani, muhuri umekalia jumla, na namba moja imekatwa na nyingine kuandikwa juu yake.

"Hii ni 171 au 177?" akaniuliza.

"Roboti nayo haijui, mkuu. Ila yenyewe haitakuuliza, itakujibu tu."

Akacheka, tukaelewana. Roboti ibebe, watu wasome.

Kazi ya kubeba haikuwa ngumu. Tovuti ilipangwa kwa kaunti, eneo bunge, wadi, hadi kituo. Roboti ilipita kila baada ya muda, ikalinganisha orodha mpya na ya awali, ikapakua fomu ngeni, ikaipa faili jina la kituo na kuiweka kwenye foleni. Niliilazimisha ipumzike kati ya ombi moja na jingine, kwa sababu nchi nzima ilikuwa kwenye tovuti hiyo na sikutaka tuwe miongoni mwa wanaoilemea. Upande wa pili wa foleni walikaa wanagenzi. Kila fomu iliingizwa na watu wawili wasioonana, na roboti ikalinganisha. Zikitofautiana, au kura za wagombea wanne zisipolingana na jumla ya kura halali, au kituo kikizidi watu 700 ambao ndio upeo wa kisheria, fomu ilirudi kwa mhariri wa zamu.

Kilicholeta ubishi ni foleni yenyewe: nani atangulie?

Kura ilipigwa Jumanne, tarehe 9. Kufikia Jumatano fomu zilikuwa zimejaa kwenye tovuti, nyingi kuliko mikono ya chumba chochote cha habari. Vituo vya runinga vikawa vinaonyesha takwimu tofauti. Ukibonyeza rimoti unamkuta Raila Odinga anaongoza, ukibonyeza tena ni William Ruto. Watu walishuku njama, lakini fomu zilikuwa zilezile. Aliyeanza na kaunti za Nyanza, ngome ya Raila, aliona lake, aliyeanza na za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, akaona lingine.

Mimi nilikuwa nimeiandikia roboti mstari mmoja wa kuchanganya foleni kila mara fomu mpya zinapoingia, kama anayechanganya karata. Mwanagenzi alifungua fomu ya Kwale, inayofuata ikawa ya Turkana, kisha Kisii. Matokeo yake skrini yetu ilikuwa ya kuchosha. Wagombea wawili walibanana tangu asubuhi, huyu akisogea kidogo, yule akisogea kidogo, na hakuna anayetoroka.

Mkuu akaja nyuma ya kiti changu, kikombe cha chai mkononi. "Kijana, mbona hii yako haina mbio? Angalia wenzetu."

Nikamwambia mbio anazoziona kwa wenzetu ni za foleni, si za wagombea. Akasimama pale kitambo kirefu. Mtayarishaji wa kipindi alitaka tuanze na kaunti zenye watu wengi ili idadi yetu ipande haraka, na kusema kweli hoja hiyo ina uzito ukiwa unapoteza watazamaji kila dakika. Uamuzi wa aina hiyo, wa nini kitangulie kwenye ukurasa wa kwanza, sikuzote ni wa mhariri. Safari hii ulikuwa umejificha ndani ya mstari wangu wa Python, lugha niliyoandikia roboti, na nilitaka autoe yeye. Hatimaye akasema tuuache hivyohivyo, lakini tuwaeleze watazamaji kwa maneno mepesi jinsi tunavyochagua fomu. Tukaandika sentensi mbili chini ya skrini.

Msimbo wote wa roboti ulikuwa wazi tangu Julai kwenye GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka kazi zao na kurekebishiana. Hilo nalo lilikuwa limemuudhi mkuu ("unawapa wapinzani wetu silaha?"), akakubali shingo upande. Usiku ule, kama saa tisa hivi, foleni ilianza kukwama kila ilipofika Lang'ata na Murang'a. Alama ile ya ng' ilikuwa inavunja majina ya faili. Kabla sijamaliza kutafuta, nikaona pendekezo la marekebisho limeingia GitHub, mistari minne tu, kutoka kwa mwandishi wa programu wa chombo kingine cha habari. Kumbe nao walikuwa wanaitumia roboti yetu, na wamekwama palepale. Nikalipokea, foleni ikaendelea. Sikumwambia mkuu hadi asubuhi.

Jumatatu ya tarehe 15, pale Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura zilijumlishwa, mwenyekiti wa IEBC Wafula Chebukati alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141, dhidi ya 6,942,930 za Raila. Yaani asilimia 50.49 kwa 48.85. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hayo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba majaji wakayaidhinisha. Fomu zetu hatukuwa tumezimaliza zote, lakini ule mbanano wa Jumatano haukuwa umeenda popote.

Baada ya hukumu mkuu alinijia na ombi jipya. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa, limejaa uteuzi wa wakurugenzi na ilani za ardhi, na waandishi wetu walikuwa wanalisoma Jumatatu. Alitaka roboti ilivizie.

Nikamuuliza kama nayo tutaiweka wazi.

"Weka tu," akasema. "Yule wa Lang'ata si yupo?"