Mstari ulipopinda

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kupiga MRI. Akaambiwa avue bangili, herini, hata pini za kilemba. "Na mashine haijawashwa?" akauliza. Mhudumu akamjibu kwamba sumaku ya mashine ile haizimwi, usiku wala mchana. Mama akanigeukia: "Ndiyo ile uliyokwenda kuipima Ulaya, mwanangu?"

Nikamwambia hapana, mama, ile ilikuwa kubwa mno, ingawa waya wake ni wa ukoo huohuo, metali za niobi na titani. Mlango ukafungwa, nami nikabaki kwenye benchi nikiiwaza Agosti ya 2006.

Nilikuwa mwanafunzi wa kiangazi CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogo kabisa za maada, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, nikapangiwa Cessy, upande wa Ufaransa. Kigunduzi cha CMS, mtambo mkubwa wa kunasa njia za chembe hizo, kilikuwa kikiunganishwa juu ya ardhi kabla ya kushushwa shimoni, kina cha mita 100 hivi. Katikati ya maelfu ya tani za chuma kulikuwa na sumaku yenyewe, koili ya waya uliozungushwa, yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 12.5, iliyopozwa kwa heli ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo waya haupingi umeme hata chembe.

Plagi ya nyumbani hubeba ampea 13. Pale tulikuwa tukielekea 19,000, ili kufikia tesla 4, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Umeme ulipandishwa polepole, kituo kwa kituo, na mara nyingine wahandisi waliukata makusudi. Sehemu ndogo tu ya waya ikipata joto, upitishaji ule unapotea na nishati yote, jouli bilioni 2.6, inatafuta pa kwenda. Ilibidi tuhakikishe kwamba inatoka salama: nyingine kwenye vikinza vya nje, vinavyogeuza umeme kuwa joto, nyingine ikienea koili nzima badala ya kuunguza mahali pamoja. Baada ya hapo ni siku kadhaa za kupoza upya.

Lakini usiku ninaoukumbuka haukuwa wa kukata umeme. Vipande vichache vya vigunduzi vilikuwa tayari, vikinasa muoni, chembe zinazozaliwa angani miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Sumaku ikiwa imezimwa, kila muoni ilichora mstari ulionyooka kwenye skrini. Usiku ule uga wa sumaku ulikuwa umepanda. Mstari ukaingia kutoka juu, ukapinda upande mmoja ndani ya chuma, ukageukia upande wa pili ndani ya koili, kisha kwenye chuma cha chini ukarudi kupinda kama mwanzo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye vitabu, maana ndani ya chuma uga unarudi kinyume. Nilijua hesabu yake. Hata hivyo nilisimama. Mhandisi mmoja mzee aliyekuwa pembeni yangu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akautazama tena mstari uleule. Hatukusemeshana.

Tesla 4 zilifikiwa mwezi huohuo. Februari 2007, kipande kilichobeba koili kiliposhushwa shimoni, mimi nilishakuwa nyumbani.

Baadaye nikasoma kwamba wameamua kuiendesha sumaku ile kwa tesla 3.8 ili idumu miaka mingi. Niliumia, kama vile usiku ule umepunguzwa kitu. Kwa 3.8 hizo, mwaka 2012 CMS ilishiriki kuionyesha dunia chembe ya Higgs, inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito. Na bado, nikiona 3.8 imeandikwa mahali, moyo wangu unasema 4.