Sio jini, ni jeni

Jamani leo acha niseme tu. Miaka sita nimezunguka na mwanangu, mara kwa shehe, mara kwa mchungaji, mara kwa mganga, kila mtu mtoto ana jini, na mama mkwe ndo usiseme, kila sikukuu lazima atupe neno. Kumbe sio jini, ni jeni, yaani vinasaba vya kurithi 😅

Juzi majibu ya damu yamerudi, sampuli ilipelekwa nje kwa hela ya kuchangishana ukoo mzima. Inaitwa Fragile X, hali ya kurithi inayochelewesha akili ya mtoto. Daktari akachukua karatasi akaandika CGG CGG CGG mpaka mstari ukaisha, akasema hizi ni herufi za vinasaba zinazojirudia, marudio haya kila mtu anayo kwenye jeni inayoitwa FMR1 ila kawaida hayafiki 45, ya mwanangu yamepita 200 na jeni imejizima, ile protini ya ubongo haitengenezwi. Jeni yenyewe wameigundua 1991, mi niko la pili nasoma a e i o u.

Halafu akaniuliza, kwenu kuna mzee anatetemeka? Nikabaki mdomo wazi. Baba yangu kikombe anashika mikono miwili na chai bado inaishia kwenye kisosi, sisi tunasema uzee! Huenda yeye anayo marudio ya kiasi, yasiyofika 200 ila yanaweza kumtetemesha mtu uzeeni, nami nimepimwa ninayo 90 na kitu, yakaongezeka njiani kwenda kwa mtoto.

Sasa baba mwenye nayo anawapa mabinti wote, na mdogo wangu ana mimba ya miezi minne. Simu nimeishika toka asubuhi, sijapiga.