Siku moja maishani mwangu: damu inayotakiwa kufika ikiwa hai

Saa 12 asubuhi. Niko zizini. Leo zimetimia saa 72 tangu tuwachome ng'ombe hawa tuberkulini shingoni kupima kifua kikuu; ni protini za bakteria wa jamii ya kifua kikuu, ya aina ya ndege juu na ya aina ya ng'ombe chini, mililita 0.1 kila moja. Napapasa kwanza kwa vidole, ndipo napima unene wa ngozi. Jike mwekundu amevimba milimita 2 juu na 9 chini. Tofauti ikizidi 4 tunamhesabu ameambukizwa. Uvimbe wake ni mgumu na una joto: chembe T zake, chembe za kinga ndani ya damu, zilishakutana na Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, zimemtambua na kuwaita wenzao.

Kuna ng'ombe mzee, mbavu zimemtoka, anakohoa. Yeye hana hata milimita 1. Huyo ndiye anayeninyima raha.

Saa 1 na nusu. Natoa damu kwenye mshipa wa mkia na kuigeuzageuza mirija polepole ili heparini izuie kuganda. Siweki barafu. Niliwahi kupokea boksi lenye barafu, chembe zikawa zimekufa, na kila kisima cha sahani ya kupimia kikakaa kimya, wagonjwa na wazima sawasawa. Tulirudi kuwatoa damu ng'ombe wote upya.

Saa 4. Maabara. Damu ya kila mnyama naigawa visima vitano: kimoja bila kitu, viwili vya tuberkulini zile mbili, cha nne ESAT-6 na CFP-10, protini za bakteria huyo ambazo chanjo ya kifua kikuu, BCG, haina, na cha tano kichocheo kinachoamsha chembe yoyote iliyo hai. Hicho cha tano nakipenda kuliko vyote, maana bila hicho nisingejua kama kimya ni cha uzima au cha chembe zilizokufa njiani. Kisha inkubeta, nyuzi 37, hadi kesho asubuhi.

Saa 8 mchana. Sahani za jana, za kundi jingine. Chembe T zilizomkumbuka adui zimemwaga interferoni gama, protini ya kupeana taarifa inayoyapa makrofaji, yaani chembe zinazomeza vijidudu, nguvu ya kuua bakteria waliomezwa. Visima vyenye interferoni hiyo vinageuka bluu mbele ya macho yangu, natia asidi, vinakuwa njano. Wawili wamewaka kwenye ESAT-6. Nimekaa kidogo nikiwaza ndama wao, na watoto wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa.

Saa 10 na nusu. Kuandika majibu, kuosha, kuhakikisha joto la inkubeta.

Mzee yule bado yuko kichwani. Ugonjwa ukikomaa sana, chembe T huchoka na ngozi haivimbi tena, lakini kingamwili mara nyingi huwa zimepanda. Nimempigia mwenye ng'ombe: "Ndugu yangu, mtenge na wenzake usiku huu, maji yake yawe ya peke yake." Kesho namfuata na mirija isiyo na heparini, nikatafute kingamwili kwenye seramu yake, yale maji yanayobaki damu ikiganda.