Jua la saa sita na kazi ya mawe ya bustani

Mtu akikuonyesha nakshi ya jiwe iliyoko bustanini muulize hiyo picha imepigwa saa ngapi. Asubuhi kila kitu kinapendeza, jioni pia. Sasa rudi saa sita mchana hapa kwetu pwani, jua liko utosini, maua yote ya nakshi yamepotea na jiwe limebaki jeupe kama karatasi, unabaki kujiuliza fundi alilipwa ya nini.

Nasema hivi manake sasa niko kwenye kazi moja huku upande wa Kilifi, shamba la mtu binafsi linashuka mpaka baharini, miembe ya zamani, minazi, na katikati wanataka bwawa la mayungiyungi lenye ukingo wa mawe ya kuchonga na mabenchi ya kuzunguka. Dezaina alikuja na picha kibao kwenye simu, nyingi za Italia, marumaru, vitoto vyenye mabawa vinamwaga maji. Kazi nzuri sina neno nayo, lakini marumaru ni jiwe lingine kabisa. Hili letu ni matumbawe ya kale, mwamba wa baharini ulioachwa nchi kavu tangu miaka kama 125,000 iliyopita huko, limejaa matundu na magamba ya chaza, sasa ukitaka uchonge kidole cha kitoto humo kitakukatikia mkononi.

Nikamwambia mwenye shamba, mama, kabla hatujafika Italia si tupitie kwanza Kilwa? Nikamtolea picha za Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Vyumba zaidi ya 100, na ndani yake kuna bwawa la pande nane, liko mpaka leo, limekosa maji tu. Mama aliitazama ile picha akamwambia dezaina, haya, pande nane basi. Dezaina hakufurahi sana siku ile.

Wazee wa Kilwa walikuwa na raha moja sisi hatuna. Nakshi zao nyembamba walizichonga kwenye matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi, laini, yakishakauka yanakaza. Leo kukata matumbawe hai hakuruhusiwi, na ni sawa kabisa, samaki wataishi wapi, kwa hiyo tunaenda timboni, kwenye machimbo ya mawe ya nchi kavu. Timboni mimi sinunui kwa lori bila kushuka. Napita na nyundo nagonga moja moja, linalolia vizuri ni zima, linalotoa sauti ya kufa lina ufa ndani hata kama usoni halionyeshi. Na nataka lililotoka chini karibuni, lina unyevu bado, manake likikaa juani muda ngozi inakuwa ngumu na patasi inaanza kurukaruka.

Sasa turudi kwa jua. Zile zidaka, vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu zina nakshi za chokaa, kina chake kidogo sana na bado unaziona vizuri, sababu mwanga unaingia kutoka uani, unapita ubavuni. Ichukue nakshi ile ile uiweke nje palipo wazi, kwisha habari. Ndio maana maua ya ukingo huu nimeyazamisha karibu sentimita 2 na nimechimba mpaka chini ya petali, ili hata jua likisimama wima kuwe na kivuli kimejificha mahali. Dezaina aliona nimezidisha. Akaja mida ya saa sita na nusu akazunguka bwawa lote, hakusema kitu, akaenda zake kutafuta dafu.

Chini ya ukingo kuna kamfereji kembamba ambako hakuna mgeni atakayekaona. Maji yakishuka yanafika pale yanadondoka, hayatambai mpaka kwenye uso wa nakshi na kuacha michirizi myeusi. Kwenye kazi yote hii hako ndiko ninakoonea fahari zaidi.

Na mwashi wa saiti tulivutana kidogo juu ya kuunga mawe kwa simiti au kwa chokaa. Yeye anasema fundi, simiti inashika haraka tumalize, mimi namwambia kaka, hiyo haraka ndio itatuua. Jiwe hili linapumua, hewa ya hapa ina chumvi, maji yanaingia yanatoka, ukilibana na simiti ngumu maji yanatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, chumvi inaganda ndani ya matundu na uso unaanza kumenyeka. Chokaa ni laini kuliko jiwe, ikibidi kitu kiharibike inaharibika yenyewe unajaza upya. Na mchanga uwe wa mto, wa ufukweni usiulete hata uwe wa bure.

Vijana wananicheka na barakoa yangu, wacheke tu. Njia za kutembea hapa ni za jiwe la Mazeras, hilo ni jiwe la mchanga, vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, kwa hiyo kwangu grainda bila maji haiwashwi.

Kilichonichosha ni benchi la kwanza. Limekwisha, limekaa, mtu wa usafi akaliona lina vumbi akalimwagia asidi ya kuoshea vyoo. Lilitoa povu, na makali yote ya nakshi yakalegea, manake hili ni jiwe la chokaa, hata ndimu inalila. Mzee wa bustani alikasirika kuliko mimi, tangu siku hiyo anasugua mwenyewe kwa maji na kumbi la nazi, na asidi ameifungia stoo, ufunguo anatembea nao. Benchi itabidi nilichonge upya juu, litapungua unene kidogo. Nani atalipa hiyo kazi ya pili bado hatujaelewana.