Seva iliyogoma kufa, ghalani Mbozi

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mizani imegoma tena, na wakulima wameshapanga magunia nje."

Julai nzima niliamshwa na simu hiyo, baridi ya Mbeya ikiwa kali. Namwambia mama mtunza ghala azime kompyuta na kuiwasha, kazi inaendelea. Baada ya siku mbili tatu, simu tena. Iliniuma, kwa sababu programu niliiandika mwenyewe: seva ya COM (mfumo wa Windows unaoziwezesha programu kutumiana), yaani programu ndogo ya faili la EXE inayohudumia nyingine, inayosoma uzito kwenye poti ya mizani na kuupeleka kwenye programu ya stakabadhi. Programu ya stakabadhi ikifungwa jioni, seva nayo inatakiwa ijifunge.

Nikapanda Coaster ya Vwawa, mji wa Mbozi, nikalala huko siku tatu.

Jioni ya kwanza nilikuta kisanduku cha kosa kimejificha nyuma ya madirisha mengine: 0xC0000005, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Hakuna aliyekibonyeza, kwa hiyo seva ilikuwa imekufa nusu, bado imeshika poti. Asubuhi seva mpya inaanzishwa, inanyimwa poti. Chanzo kilikuwa pointa (kielekezi cha kitu kilichoko kwenye kumbukumbu) moja ya MSXML, maktaba ya Microsoft ya kusoma XML: CComPtr, pointa inayojiachilia yenyewe, niliyoitangaza nje ya funksheni zote ili kusoma mipangilio. Pointa ya namna hiyo huachiliwa baada ya main, funksheni kuu, kumalizika, na CoUninitialize, amri ya kuifunga COM, ilikuwa imeshaitwa, DLL yake (faili lenye msimbo wa MSXML) imeshaondolewa kwenye kumbukumbu. Release, amri ya kuachilia kitu, inaitwa mahali ambapo hapapo tena. Niliihamishia ndani ya main, kwenye mabano yake yenyewe, ife kabla ya CoUninitialize.

Lakini kwa nini mizani haikugoma kila siku? Hapo ndipo nilipokesha. COM huhesabu wanaokitumia kitu: AddRef huongeza moja, Release hupunguza moja, na seva hujifunga hesabu ikifika sifuri. Niliandika logi kila AddRef na kila Release, na jioni ya pili ikaishia hivi: 3, 2, 1. Kimya. Sifuri haikufika, seva haikufunga, na nilipotaka kuweka EXE mpya Windows ikakataa kwa kuwa faili lilikuwa linatumika. Siku hiyo gunia moja lilikuwa limewekwa vibaya, uzito haukutulia. Funksheni yangu ilikuwa imeshapata kiolesura (njia ya kukitumia kitu cha COM) kwa QueryInterface, amri ya kukiomba, hesabu imeongezeka, kisha ikarudi mapema na kosa bila kuita Release. Kumbe siku mizani ilipoyumba seva ilibaki hai, asubuhi stakabadhi ikaitumia hiyohiyo na kazi ilienda vizuri. Siku mizani ilipotulia ndipo seva ilipojifunga na kuanguka. Kosa moja lilikuwa linalificha jingine. Hiyo pia nikaifunga kwa CComPtr.

Mwisho nikaacha kihesabu changu cha kufunga seva, nikatumia CoAddRefServerProcess na CoReleaseServerProcess, amri za COM yenyewe za kuhesabu wanaoitumia seva. Hesabu ikifika sifuri, COM inazuia maombi mapya palepale, hivyo karani akifunga stakabadhi na kuifungua haraka hadandii seva inayokufa.

Jioni ya tatu tulikaa na mama mbele ya Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazoendeshwa. Akafunga stakabadhi. Mstari wa seva ukapotea.

Kesho yake nilimpigia mimi. Alikuwa amefika gunia la arobaini.