Taa Chini ya Mtutu: Kabla ya Kuifunga Kwenye Bastola Yako

Hapa Texas ninakoishi, tangu Septemba 2021 mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha, anaweza kubeba bastola bila kibali. Si ajabu basi siku hizi kumkuta Mswahili mwenzetu, aliyekulia mahali ambapo silaha ilionekana begani mwa askari tu, akiwa na bastola katika kabati la chumba cha kulala. Shemeji yangu ni mmoja wao. Majuzi alinijia na kiboksi chenye taa ndogo aliyotaka nimsaidie kuifunga chini ya mtutu, na ingawa kazi yenyewe ni ya dakika chache, tulitumia jioni nzima kuzungumzia kama anaihitaji na ataitumiaje.

Sababu ya kuwa na taa inaeleweka. Miongoni mwa kanuni nne za usalama alizozieneza Jeff Cooper, mwalimu Mmarekani wa matumizi ya bastola, ya mwisho inamtaka mpigaji aijue shabaha yake na kilicho nyuma yake. Usiku wa manane kivuli kinachopita ukumbini kinaweza kuwa cha mwizi, lakini kwa nyumba nyingi uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba ni kijana aliyechelewa kurudi au mgeni anayetafuta maji ya kunywa. Mtu asiyeona hana haki ya kufyatua, na taa humwezesha kuona huku mikono yote miwili ikiwa imeishika silaha.

Tatizo ni kwamba kanuni ya pili kati ya hizo nne inakataza kuuelekeza mtutu kwenye kitu chochote ambacho hauko tayari kukiharibu. Taa iliyofungwa kwenye bastola hutazama kule kule unakotazama mtutu. Ukimmulika mtoto wako usoni kwa taa hiyo ili umtambue, umemwelekezea bastola yenye risasi, hata kama nia yako ilikuwa kumtambua tu. Kwa maoni yangu, watu wengi wanaonunua vifaa hivi hawajalitafakari jambo hili hata kidogo; wanaiona taa hiyo kama tochi iliyopata mpini mzuri. Nilimwambia shemeji kwamba taa ya bastola haifanyi kazi ya kutafuta. Kazi hiyo ni ya kurunzi ya mkononi, ambayo unaweza kuizungusha nyumba nzima bila kumhatarisha mtu, ilhali ya bastola huwashwa pale tu ambapo hata bila taa ungekuwa na sababu ya kuitoa silaha. Alicheka, akauliza, “Sasa shemeji, nimetoa zaidi ya dola mia halafu bado ninunue tochi?” Ndiyo, na hiyo tochi ndiyo atakayoishika karibu kila usiku.

Kuna njia ya kupunguza hatari hata bastola ikiwa mkononi. Taa nyingi za sasa zina mwanga wa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 500 hadi 1,000, na mwanga huo ukielekezwa sakafuni, karibu na miguu yako, hudunda ukaangaza chumba cha kawaida kiasi cha kutosha kuona uso wa mtu na alichoshika. Mtutu unabaki chini na kidole kinabaki nje ya kifyatulio mpaka utakapokuwa umeamua.

Kidole hicho ndicho kilicholeta maafa mwaka 2010 katika mji wa Plano, kaskazini mwa Dallas. Askari polisi aliyekuwa ameshika bastola yenye taa alieleza baadaye kwamba alikusudia kubana swichi ya taa, iliyokuwa kwenye mpini chini kidogo ya pete inayokizunguka kifyatulio, lakini risasi ikatoka na mtu mmoja akafa. Vidole vya mkono mmoja hupenda kufuatana, hasa moyo unapodunda: ukibana kwa nguvu kwa kidole cha kati, kile cha shahada nacho hujikunja. Ndiyo maana napendelea swichi iliyo nyuma ya taa, mbele ya pete hiyo, ambayo huwashwa kwa dole gumba la mkono wa pili, ule usiofyatua. Kidole cha kufyatulia kisipewe kazi nyingine yoyote, na zoezi la kuwasha na kuzima lifanywe kwa bastola tupu mara nyingi kabla ya siku ya hofu.

Kuhusu kufunga kwenyewe, tulitoa magazini, yaani kibebeo cha risasi, tukavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, tukatazama chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kuipapasa kwa kidole, kisha risasi zote zikapelekwa chumba kingine. Huu si woga wa kupita kiasi, maana baadhi ya taa huingizwa kutokea mbele kwenye reli, yaani ile sehemu yenye mifereji chini ya mtutu inayoishikilia taa, na vidole hupita karibu kabisa na mdomo wa mtutu. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye taa ambazo kifuniko cha betri kiko upande wa mbele, iondoe taa kwenye bastola kwanza ndipo ubadilishe betri. Kiboksi huja pia na vipande vidogo vinavyoingia katika mfereji wa reli, kimoja cha bastola za Glock, kingine cha reli ya kiwango cha kijeshi cha Marekani kiitwacho 1913, na ukikosea kipande taa hucheza au hukataa kukaa.

Ala ya zamani, yaani mfuko wa kuvalia bastola, haitafaa. Inahitajika iliyotengenezwa kwa bastola hiyo na taa hiyo, na hata hiyo ikaguliwe, kwa kuwa upana wa taa hulazimisha mdomo wa ala uwe mkubwa, na wakati mwingine hubaki uwazi unaoweza kupitisha kidole au ncha ya kamba ya koti hadi kwenye kifyatulio. Ala ya namna hiyo mimi siivai.

Kisanduku cha kufungia silaha nacho ni lazima kipimwe upya. Bastola iliyoongezwa taa huenda isiingie katika kile cha awali, na hapo ndipo mtu huanza kuiweka kwenye droo “kwa muda”, wakati sheria ya Texas inamtia hatiani anayeacha kwa uzembe silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia.

Kilichobaki ni kuipeleka kwenye kiwanja cha kulengea shabaha. Uzito wa taa hubadilisha jinsi bastola inavyorudi nyuma, na baadhi ya idara za polisi za Marekani ziliwahi kuona bastola za Glock 22 za toleo la tatu, zilizokuwa zikifanya kazi vizuri, zikianza kukwama baada ya kufungwa taa. Shemeji atafyatua magazini kadhaa taa ikiwa imefungwa, atafuta masizi kwenye lenzi, atakagua kama skrubu imelegea, na ala mpya itakapofika ndipo tutaamua kama taa ibaki.