Kupika vya Pwani ukiwa Dodoma: ninavyopata nazi, viungo na samaki

Nazi unayoikuta sokoni Dodoma imeshatembea kilomita 400 hivi au zaidi. Imefuliwa huko ilikotoka, ikafungwa kwenye viroba, ikatikiswa kwenye lori, halafu ikapangwa mezani kwenye hewa kavu ambayo Pwani hawaijui. Hewa hiyo ndiyo inayoiharibu. Kifuu kinakauka, kinapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanavuja na hewa inaingia. Siku chache tu baadaye imechacha, nawe kwa nje unaiona nzima. Ndiyo maana nikifika soko la Majengo sianzi na bei.

"Shikamoo mama. Mzigo wa nazi umeingia lini?"

"Marahaba mwanangu. Hizo za juzi, zile pale za wiki iliyopita."

Mwenye meza ukimuuliza bei atakupa bei. Ukimuuliza mzigo, mara nyingi atakuonyesha rundo la kuchagua.

Kwenye rundo natafuta nazi iliyoachiwa kishungi cha makumbi juu ya macho. Kishungi hicho kinayakinga macho, na macho ndiyo sehemu laini ya kwanza kuoza. Nakisogeza kidogo kwa kidole: macho yakiwa makavu na yana rangi moja, sawa, yakiwa na unyevu, ukungu au harufu ya pombe, narudisha. Kisha naipima uzito mkononi na kuitikisa karibu na sikio. Maji yakicheza, ni nzima. Isiyosikika maji kabisa ama imepasuka, ama imekuwa mbata, yaani nyama imekauka na kuachana na kifuu. Mbata siyo ya kutupa, ila tui lake ni dogo: nikiipata naikuna na kuiloweka kwenye maji ya moto dakika 20 kabla ya kukamua. Muuzaji akikubali kuivunja papo hapo, mwache aivunje, uonje kipande. Nazi iliyochacha haina dawa jikoni. Sukari haiifichi, wala iliki.

Nikihitaji nyingi, kwa shughuli au kwa mwezi mzima, naagiza Dar kwa mtu ninayemfahamu, anazituma kwa basi. Kiroba kiandikwe jina na namba ya simu pande mbili, apewe risiti na anitumie picha yake pamoja na namba ya basi. Mabasi ya mikoani yanashushia stendi kuu ya Nzuguni, na Soko Kuu la Job Ndugai liko huko huko, kwa hiyo safari moja inatosha kwa mzigo na mboga. Kiroba nakifungua siku hiyo hiyo. Zilizopasuka njiani zinapikwa kwanza, maana moja ikivuja inalowesha wenzake na ukungu unaanza.

Zinazobaki sizihifadhi nzima, nazikamua. Nakata nyama vipande vidogo, nasaga kwenye blenda na vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu kwa nazi moja kubwa, nakamua kwa kitambaa. Hilo ndilo tui zito. Machicha narudishia vikombe 2 vingine kupata tui jepesi. Kila moja linaingia kwenye mifuko ya barafu, kisha friza. Likiyeyuka utaliona limegawanyika, mafuta juu na maji chini. Halijaharibika: pasha kwa moto mdogo huku ukikoroga. Kwa wali, kilo moja ya mchele natumia nazi 2, mchele unaiva na tui jepesi, tui zito linaingia maji yakikaribia kukauka. Kwenye mchuzi, ukwaju au ndimu itangulie na ikolee kwanza, na tui likishaingia usiache kukoroga mpaka lichemke, la sivyo litakatika.

Viungo havisumbui sana kupatikana. Kinachosumbua ni majina. Ukisema "binzari" tu, wengi watakupimia ile ya njano, manjano. Ya pilau ni binzari nyembamba, zile punje za kahawia zenye mistari, kwa hiyo taja jina lote na uangalie kinachochotwa. Nanunua nzima, sinunui iliyosagwa, kwa kuwa unga hausemi umechanganywa na nini. Karafuu naibana kichwa kwa ukucha: ikitoa mafuta kidogo, inafaa. Nyumbani nadondosha chache kwenye glasi ya maji. Nzuri inazama au inasimama wima, iliyokwisha mafuta inalala juu kama kijiti. Ukwaju usiagize mbali, mikwaju iko huku huku. Ukiwa mkavu sana loweka kwa maji ya moto na uchuje, maana mchanga haukosekani.

Jambo la vipimo nalo. Wengi wanapima kwa kopo au sado. Pitisha mkono ndani ya kopo kabla halijajazwa: kitako kikiwa kimegongwa kuingia ndani, unalipia hewa. Kwa mchele naomba mzani.

Samaki wa baharini niliwaacha. Perege wa Mtera wanakuja kwa barabara ya Iringa, njia fupi kuliko ya samaki changu kutoka Dar, na wakikaangwa kisha wakaingia kwenye tui hawana ubaya wowote (watu wa Tanga wanisamehe). Nafunua shavu: liwe jekundu, siyo la kahawia. Nabonyeza mgongo, nyama irudi. Tumbo likiwa laini kama limejaa maji, naacha.

Siku nazi zikiwa mbaya au bei imepaa, sing'ang'anii. Mchicha na kisamvu vinaungwa kwa karanga, kama wanavyounga wenyeji, na karanga ni za hapa hapa. Kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa kinatosha mafungu 4 ya mchicha: koroga kwanza na maji baridi mpaka uji mwepesi, ndipo umimine, ukimimina unga mkavu kwenye chungu cha moto unafanya mabonge. Chemsha dakika 15 huku unakoroga, karanga zinashika chini haraka kuliko tui. Sinunui zilizokwisha sagwa. Nachagua punje moja moja, zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu nazitoa zote, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kupitia mahindi. Nikimaliza kuchagua ndipo napeleka mashine, nasimama pale pale zikisagwa, na kuomba kinu kifutwe kwanza kama kimetoka kusaga pilipili.